Feni ya laptop ikipiga kelele, msikimbilie kumtoa mchezaji

SAA 3 usiku, mtaa wa Mtanda, Lindi mjini. Upepo wa baharini umekata, joto limebaki ndani ya nyumba. Sebuleni kijana wa chuo aliyerudi likizo amefungua laptop yake mpya, amechomeka pedi mbili na kuchukua Arsenal. Mwenzake wa nyumba ya pili amechukua Real Madrid. Dakika ya 10 ya mchezo, mashine inaanza kuunguruma.

Mama anatoka chumbani. "Mwanangu, hicho kitu mbona kinalia kama kinataka kupaa? Si juzi tu tumekinunua?"

"Ni feni tu, mama."

"Feni gani inayoishinda ile ya darini? Kesho kipeleke kwa fundi, usije ukatuunguzia nyumba."

Nani kati yao yuko sahihi? Wengi watasimama upande wa mama, maana watu wamezoea kwamba kitu kipya hakipigi kelele. Friji jipya halilii, pikipiki mpya haikoromi. Lakini kwa laptop inayochezeshwa gemu la mpira, safari hii pointi tatu anazo kijana. Feni inayounguruma mechi ikiwa imepamba moto inafanya kazi iliyosajiliwa kuifanya. Ya kuogopwa ni ile inayokaa kimya wakati mchezo unazidi kuwa mzito.

Kwa Lindi hili si jambo dogo. Msimu wa 2024/25 bei ya korosho ghafi kwenye minada ya kusini ilivuka Sh4,000 kwa kilo, na wakulima wengi walicheka. Hata kwa bei hiyo nzuri, laptop ya Sh2 milioni ni kilo 500 za korosho, tena kabla ya makato. Kilo 500 ni palizi, ni kupulizia dawa, ni vibarua wa kuokota, kisha ni kusubiri mnada wa Lindi Mwambao au wa RUNALI. Mzazi aliyetoa hela ya namna hiyo ana haki ya kuuliza kila mlio anaousikia.

Ila ana haki pia ya kupewa jibu la kweli. Jibu la uongo ndilo linaloua mashine. Laptop inapelekwa kwa fundi ikiwa nzima, inafunguliwa, waranti inakufa hapo hapo. Fundi asiyejua vizuri anaipunguza kasi ya feni ili mteja afurahi. Mteja anafurahi kweli, nyumba inatulia, na miezi michache baadaye mashine inaanza kujizima katikati ya mechi. Hapo lawama inaenda kwa kampuni, kwa duka, au kwa jicho la jirani.

Joto linatoka wapi

Ndani ya laptop ya gemu kuna viungo wawili wanaobeba timu. Wa kwanza ni prosesa. Huyu ndiye anayepanga: nani akimbie, mpira udunde wapi, kipa aruke lini. Wa pili ni kadi ya michoro. Yeye kazi yake ni kuchora kila kinachoonekana, kuanzia nyasi na jezi mpaka jukwaa lililojaa mashabiki, tena anachora upya mara 60 au zaidi kila sekunde.

Wote wawili wanakula umeme, na karibu umeme wote wanaoula unageuka kuwa joto. Laptop ikiwa imefunguliwa kuandika barua tu hutumia wati chache, kama 10 hivi. Gemu zito likianza, mashine hiyo hiyo inaweza kupanda hadi wati 100, na zile kubwa zinapita 150. Wazee wanaikumbuka balbu ya zamani ya wati 100. Hakuna aliyeweza kuishika ikiwa inawaka. Joto kama hilo ndilo linalotafuta pa kutokea ndani ya kiboksi kisichozidi unene wa daftari.

Njia ya kutokea ni moja. Juu ya prosesa na kadi ya michoro kuna mabomba mapana ya shaba yenye kimiminika kidogo ndani. Kimiminika hicho kikipata joto kinageuka mvuke, mvuke unakimbilia upande wa pili wenye mapezi membamba ya chuma, unapoa na kurudi. Feni inavuta hewa kutoka chini ya laptop na kuisukuma ipite kwenye mapezi hayo, hewa inatoka nje ikiwa ya moto. Basi. Hakuna ufundi mwingine wa siri.

Neno la kushika hapo ni hewa. Feni haitengenezi baridi. Inaichukua hewa iliyopo chumbani na kuitumia jinsi ilivyo. Chumba kikiwa na nyuzi 22, mashine inapozwa kwa hewa ya nyuzi 22. Chumba kikiwa na nyuzi 32, inapozwa kwa hewa ya nyuzi 32, na hizo 10 zilizozidi zinahamia ndani ya mashine karibu zote.

Hapo ndipo vijana wengi wa Pwani wanapochanganyikiwa. Wanaangalia video za wakaguzi wa Ulaya na Marekani, wanaona laptop fulani inasifiwa kwamba imetulia, haisikiki. Mkaguzi yule yuko kwenye chumba chenye ubaridi. Mashine ikishuka Kilwa Masoko mwezi Januari, wakati wa kaskazi, na bati likiwa limepigwa jua tangu asubuhi, inakutana na uwanja mwingine kabisa. Feni ile ile italazimika kuzunguka kwa kasi zaidi kufanya kazi ile ile. Hilo halina maana kwamba mnunuzi kauziwa feki.

Mashabiki wa soka hawahitaji kuelezwa sana habari hii. Timu inayotoka nchi ya baridi ikicheza ugenini saa 10 jioni kwenye jua la Pwani, kipindi cha pili mabeki wanashika viuno. Mpira ni ule ule na wachezaji ni wale wale, kilichobadilika ni hewa.

Somo la Fortaleza

Kombe la Dunia la 2014 nchini Brazil lilileta mapumziko ya kupoza mwili. Mechi ya Uholanzi na Mexico, hatua ya 16 bora, ilichezwa Fortaleza kwenye joto kali, na mwamuzi alisimamisha mchezo wachezaji wanywe maji. Mexico walikuwa wanaongoza bao 1-0. Kocha Louis van Gaal aliitumia nafasi ile kubadili mpango wa timu. Wesley Sneijder akasawazisha dakika ya 88, Klaas-Jan Huntelaar akamaliza kwa penalti ya dakika za nyongeza. Uholanzi ikashinda 2-1.

Wako waliolalamika kwamba mapumziko yale yanakata ladha ya mchezo. Lakini mwili wa binadamu una kikomo, na aliyejua kukiheshimu ndiye aliyevuka.

Laptop nayo ina kikomo. Prosesa nyingi za laptop zimewekewa mwisho wa joto kati ya nyuzi 95 na 105, kutegemea aina. Zikifika hapo haziungui papo hapo. Zinajilinda kwa kupunguza kasi zenyewe. Ndiyo maana gemu linaweza kwenda kama maji kwa dakika 15 za kwanza, halafu likaanza kuwa zito, mchezaji anabonyeza pasi na pasi inachelewa, kona inapigwa na picha inakatika. Ni winga aliyekimbia sana kipindi cha kwanza, sasa harudi kukaba.

Feni inayopiga kelele ndiyo inayozuia hali hiyo. Anayeizima ili apate utulivu anakuwa sawa na kocha anayekataza wachezaji kunywa maji kwa sababu chupa zinachafua uwanja.

Wengine wanasema mbona simu haina feni na bado inacheza eFootball? Ni kweli haina. Na kila aliyewahi kucheza eFootball kwenye simu kwa nusu saa mfululizo anajua nyuma inavyowaka moto, mwanga wa kioo unapungua wenyewe, na mchezo unaanza kusuasua. MacBook Air ya mwaka 2020 yenye chipu ya M1 nayo haina feni. Ni mashine nzuri na iko kimya kabisa, lakini ikipewa kazi nzito ya muda mrefu inapunguza mwendo. Kimya kinapatikana, ila kinalipiwa kwa kasi.

Uwanja mtupu

Mwaka 2020, ugonjwa wa Uviko-19 ulipozifanya ligi za Ulaya zirudi bila mashabiki, watazamaji wa televisheni walipata tabu. Mpira ulisikika kama mazoezi, sauti ya kocha na ya kiatu tu. Ligi Kuu ya England iliporejea Juni 17, 2020, Sky Sports ya Uingereza ilishirikiana na EA Sports, wale wale watengenezaji wa gemu la FIFA, kuweka sauti za mashabiki wa kwenye gemu katika matangazo. Mechi za kweli zikaazima kelele za gemu.

Hapa nyumbani ligi ilirudi Juni mwaka huo na mashabiki waliruhusiwa viwanjani. Wapenda soka waliofuatilia pande zote mbili waliona tofauti. Kelele ni dalili kwamba kuna kitu kinatokea pale uwanjani. Kiingereza kina neno moja tu kwa feni na kwa shabiki, na kwa laptop ya gemu neno hilo halijakosea sana.

Waliokulia kwenye mabanda ya gemu wanalijua hili tangu zamani. Enzi za PS4, feni ya mashine iliyochezwa kutwa nzima ilisikika mpaka nje ya banda, na hakuna aliyekimbia. Wenye mabanda waliojua kazi walikuwa wanaifuta vumbi na kuiweka mahali penye hewa. Walioisukumia ndani ya kabati ili isiibwe ndio waliobaki na maboksi ya plastiki yasiyowaka.

Jezi moja, wachezaji wawili

Tatizo la kweli lipo, ila haliko kwenye kelele. Liko dukani, kwenye stika.

Kijana anaingia dukani Dar es Salaam au anaagiza kupitia mtu. Anaona stika ya RTX 4060, anaona bei mbili: moja Sh2 milioni na ushee, nyingine imezidi kwa laki kadhaa. Anauliza tofauti ni nini. Anajibiwa kwamba ni jina tu la kampuni. Anachukua ya bei ndogo akiamini kapiga bao.

Ukweli ni kwamba kadi ya michoro ya RTX 4060 ya laptop inatengenezwa ili watengenezaji wa mashine waipe umeme wanaoutaka, kuanzia wati 35 hadi wati 115. Jina ni moja, stika ni moja, ila huyu anapewa chakula cha mtu mzima na yule anapewa cha mtoto. Laptop nyembamba iliyopewa wati chache inaweza kuachwa mbali na nene iliyopewa zote. Ni wachezaji wawili waliovaa jezi namba 10, mmoja ni fundi wa mpira, mwingine kavaa kwa sababu ndiyo iliyobaki kwenye begi.

Na hapa kelele inarudi kwa njia nyingine. Laptop yenye feni ndogo na wati nyingi itapiga kelele sana na bado itachemka. Laptop nene, yenye feni mbili kubwa na matundu mapana, itapiga kelele ya chini kwa kazi ile ile, kwa sababu feni kubwa inasukuma hewa nyingi bila kuzunguka kwa hasira. Anayependa utulivu na ushindi kwa pamoja anatakiwa alipie unene na uzito. Anayetaka nyembamba, nyepesi, kimya, kali na ya bei poa, anataka beki wa kati, kipa na mshambuliaji kwa mshahara wa mtu mmoja.

Wauzaji wangewatendea haki wateja kama wangeandika wati za kadi ya michoro kwenye karatasi ya bei. Kampuni nyingi zinazitaja kwenye maelezo ya bidhaa zao, kwa hiyo hakuna siri inayovuja. Ni mstari mmoja tu. Mkulima wa Ruangwa anayeuza korosho anataka mzani uonekane na daraja litajwe. Akigeuka kuwa mnunuzi wa laptop, mzani wake ni wati.

RAM nayo inasahaulika. EA Sports FC 24 na FC 25 zinataka angalau GB 8, pamoja na nafasi ya takriban GB 100 kwenye hifadhi. Laptop nyingi za bei ya kati zinauzwa na kipande kimoja cha RAM wakati nafasi ziko mbili. Vipande viwili vinavyofanana vinafanya kazi pamoja na kuipa prosesa njia pana zaidi. Kuongeza cha pili mara nyingi kunaleta nafuu kubwa kuliko kubishana na feni.

Kelele ipi ya kuogopa

Haina maana kwamba kila mlio usamehewe. Refa anatakiwa kujua faulo na kujiangusha.

Mlio wa upepo, ule wa "vuuu" unaopanda gemu likianza na kushuka likifungwa, ni mzima. Laptop nyingi za gemu zikicheza kwa nguvu zote husikika kati ya desibeli 45 na 55 kwa mtu aliyekaa mbele yake. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili ni kama desibeli 60. Kwa hiyo anayesema haisikii televisheni kwa sababu ya laptop, aangalie kwanza mashine imewekwa wapi.

Mlio wa kukwaruza, wa "kra kra kra" unaofuata mzunguko, huo si wa kawaida. Huenda kuna waya unagusa panga za feni, au feni yenyewe imekaa vibaya. Mlio wa kutikisika unaofanya mpaka meza ihisi ni wa kurudishwa dukani. Feni inayounguruma kwa nguvu wakati mashine haifanyi kitu, hakuna gemu, hakuna video, Windows haipakui masasisho, nayo inastahili kuulizwa. Hizo ni kadi nyekundu, na kwa mashine mpya zinarudi zilikotoka kabla ya fundi yeyote kushika bisibisi.

Namna ya kupima ni rahisi. Chaja ichomekwe, maana laptop nyingi za gemu zikitegemea betri zinapunguza nguvu zenyewe. Umeme ukikatika katikati ya mechi na mchezo ukawa mzito ghafla, mashine haijaharibika, imebadili gia tu. Kisha gemu lichezwe nusu saa bila kusimama, namba ya fremu kwa sekunde ikiwa imewashwa kwenye kona ya kioo. Kama mwanzo ilikuwa 90 na baada ya nusu saa bado inacheza karibu na 90, feni inashinda mechi yake hata kama inapiga kelele. Kama imeshuka hadi 40, joto limeshinda.

Wengine wanachanganya joto na intaneti. Mechi ya mtandaoni ikiganda, wapinzani wakahama kutoka hapa kwenda pale kama majini, hilo kwa kawaida ni la bando au mnara. Mechi ya nje ya mtandao, dhidi ya kompyuta yenyewe, ikiwa inakwama vile vile, hapo ndipo mashine ishukiwe.

Haki ya walio usingizini

Mama wa Mtanda bado ana hoja moja ambayo kijana hawezi kuiruka. Nyumba nyingi za Uswahilini kuta za vyumba hazifiki juu. Mlio wa saa 5 usiku sebuleni unafika mpaka kwa babu anayetaka kuamka alfajiri. Utetezi wa feni hauwezi kuwa ruhusa ya kunyanyasa nyumba.

Dawa yake ipo, na haihitaji fundi. Gemu la mpira si la vita vya anga. Fremu 60 kwa sekunde zinamtosha mtu anayecheza na rafiki yake sebuleni. Tatizo ni kwamba laptop mpya yenye kioo cha hertzi 144 itajitahidi kutoa 144 hata kama hakuna aliyeiomba, nayo inatoa jasho bure. Magemu mengi yana sehemu ya kuweka kikomo. Kikomo kikiwekwa 60, kadi ya michoro inapumua, wati zinashuka, na feni inashuka nayo. Sikio linaona tofauti haraka: desibeli 10 zikipungua, mtu anasikia kama kelele imekatwa nusu. Na kelele ya feni inashuka kwa kasi kuliko mzunguko wenyewe. Mzunguko ukipunguzwa nusu, kelele inapungua kwa takriban desibeli 15.

Mambo mengine ni ya kawaida kabisa. Laptop haichezeshwi juu ya godoro wala juu ya mto, kwa sababu matundu ya kuvuta hewa yako chini. Mezani, nyuma iinuliwe kidogo kwa vizibo viwili vya soda au kitabu kisichoziba matundu. Feni ya darini haiipozi hewa ya chumba, lakini inaiondoa ile ya moto iliyojikusanya nyuma ya mashine, na hilo lina msaada. Vumbi lisafishwe kila baada ya miezi michache, hasa kwa wanaoishi karibu na barabara ya vumbi, na panga za feni zishikiliwe wakati wa kupuliza zisizungushwe kwa nguvu. Kwa walio jirani na maji, kama Kilwa Kivinje, hewa ya chumvi si rafiki wa chuma. Mashine isilazwe dirishani. Na ile tabia ya kuweka barafu au chupa ya maji ya baridi chini ya laptop iachwe. Kwenye unyevu wa Pwani, kitu cha baridi kinatoa jasho, na jasho hilo likiingia ndani hakuna waranti itakayosikiliza.

Modi ya kimya ibaki kwa masomo na filamu. Modi ya nguvu kamili ibaki kwa mechi za mchana au za mashindano, hedifoni zikiwa masikioni. Mechi za kawaida za usiku zinachezwa modi ya kati, kikomo 60. Kwa mpango huo babu analala na Arsenal inamaliza dakika 90.

Kwa nini Lindi ijali

Atatokea mtu aseme haya yote ni mambo ya watoto, Lindi ina shida kubwa kuliko feni ya laptop. Shida kubwa zipo kweli. Lakini mkoa huu unajua thamani ya kuonekana kwenye ramani ya soka.

Namungo ya Ruangwa ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2019/20. Msimu huo huo ikafika fainali ya Kombe la FA na kufungwa 2-1 na Simba pale Sumbawanga. Uliofuata ikaingia hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Timu kutoka wilaya ya korosho na ufuta ikatajwa Casablanca na Cairo. Kwenye gemu, hata hivyo, kijana wa Ruangwa hawezi kuichagua, kwa sababu Ligi Kuu ya Tanzania haimo ndani ya EA Sports FC. Mbwana Samatta alichezeshwa na Watanzania akiwa Genk na baadaye Aston Villa, yaani ilibidi kwanza avae jezi za Ulaya.

Kompyuta ndiyo inayompa kijana nafasi ya kulirekebisha hilo. Kwenye magemu kadhaa ya mpira, wapenzi wanaojua kompyuta wanatengeneza jezi, viwanja na timu zao na kuziingiza wenyewe. PS haimruhusu kirahisi, simu ndiyo kabisa. Kijana anayeanza kwa kuchora jezi ya Namungo anajifunza michoro, faili na lugha za programu bila kuitwa darasani. Laptop ile ile iliyonunuliwa kwa ajili ya chuo inamfundisha kazi.

Ndiyo maana inauma mashine ya kilo 500 za korosho inapoharibiwa kwa sababu ya mlio ambao haukuwa ugonjwa. Anayepoteza si kampuni wala duka, maana wao hela yao wameshaipata. Anayepoteza ni familia, na kijana anayerudi kucheza kwa kulipia kwenye banda.

Minada ya korosho huanza Oktoba, na malipo yakianza kuingia, laptop zitanunuliwa tena. Mzazi anayeongozana na mwanawe dukani asiulize kama ina kelele. Aulize kadi ya michoro imepewa wati ngapi, RAM ni vipande vingapi, waranti ni ya muda gani na inadaiwa wapi. Kisha aombe iwashwe gemu hapo hapo, chaja ikiwa imechomekwa, na wote wawili wakae waisikilize kwa nusu saa. Muuzaji anayejiamini atawapa viti.